Paul Morphy na wakati wa kuvusha ngome

Paul Charles Morphy alizaliwa tarehe 22 Juni 1837 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake, Alonzo, alikuwa mwanasheria aliyepanda hadi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Mama yake, Thelcide Le Carpentier, alitoka katika ukoo wa wasemaji wa Kifaransa. Mtoto alikulia katikati ya lugha, na alipokuwa mtu mzima alizungumza Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Jambo hili la lugha nne tulikumbuke, maana tutalirudia.

Inasimuliwa kwamba hakuna aliyemfundisha sataranji. Aliketi kando akiwatazama baba yake na ami yake Ernest wakicheza, hadi siku moja akawaonyesha ushindi ambao wao wenyewe hawakuuona. Mwaka 1850 bingwa Mhungaria Johann Löwenthal alipita New Orleans, akacheza na mtoto huyo wa miaka 12, akaondoka bila kushinda hata mchezo mmoja.

Hata hivyo, familia haikumlea awe mchezaji. Ilimlea awe mwanasheria. Alipata shahada ya sheria mwaka 1857, kabla hajatimiza miaka 20, na sheria ya Louisiana haikumruhusu kufanya kazi hiyo hadi afikishe 21. Basi alikuwa na muda mkononi. Katika muda huo akaenda New York kwenye kongamano la kwanza la sataranji la Marekani, akawashinda wote.

Katika fainali alikutana na Louis Paulsen, mzaliwa wa Ujerumani. Mmoja wa michezo yao unastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayeanza kujifunza, lakini kwanza tueleze kanuni yenyewe.

Mwanzoni mwa mchezo mfalme husimama katikati ya mstari wa nyuma, na ngome mbili hukaa pembeni, moja kila upande. Mara moja tu katika mchezo mzima, mchezaji anaweza kusogeza kete mbili kwa zamu moja: mfalme huenda miraba miwili kuelekea ngome mojawapo, nayo ngome humruka na kutua upande wake wa pili. Kuna masharti. Mfalme na ngome hiyo wasiwe wamewahi kusogea. Katikati yao pasiwe na kete. Tena mfalme asiwe anashambuliwa pale alipo, wala katika mraba anaoupita, wala katika mraba anakotua.

Sisi tuliojifunza mchezo huu kwa Kifaransa tunaiita hatua hiyo roquer. Neno hilo limetoka katika roc, jina la zamani la ngome kwa Kifaransa, lililopitia Kiarabu kutoka rukh ya Kiajemi. Kihispania husema enroque na Kijerumani Rochade: shina ni lile lile. Kiingereza nacho kimechukua neno lake la kawaida la ngome na kulifanya kitenzi. Kwa hiyo lugha zote nne za Morphy ziliipa hatua hii jina la ngome, si la mfalme. Katika makala haya nami nitasema kuvusha ngome.

Anayeanza, kinyume chake, humtazama mfalme peke yake. Huambiwa kwamba mfalme akikaa katikati atauawa, basi huvusha ngome mapema awezavyo na kujiona amekwisha kuokoka. Paulsen aliyecheza na New York yote hakuwa mwanafunzi, lakini mchezo ule unatuonyesha kasoro ya wazo hilo. Yeye, mwenye kete nyeupe, alivusha ngome katika hatua ya 5. Morphy, mwenye kete nyeusi, alifanya vivyo hivyo papo hapo. Wafalme wote wawili walikuwa wamekaa pembeni kwa namna ile ile. Tofauti ikaja katika hatua iliyofuata: Morphy aliipeleka ngome ile ile iliyovuka kwenye mstari wa wima wa katikati, ikaanza kazi mara moja. Baadaye akampandisha malkia wake hadi mbele ya askari mmoja wa Paulsen na kumzuia asisogee. Nyuma ya askari huyo, askofu wa Paulsen hakutoka mahali pake hadi mwisho. Katika hatua ya 17 Morphy alimtoa malkia wake sadaka kusudi auvunje ukuta wa askari waliomkinga mfalme mweupe, na ngome zake zikaingia. Katika hatua ya 28 yote yalikwisha. Mfalme wa Paulsen alikuwa nyumbani kwake, mlango umefungwa, lakini walinzi wake walikuwa wamelala.

Mwaka 1858 Morphy alivuka bahari kwenda Ulaya. Nia yake kubwa ilikuwa kupambana na Howard Staunton, Mwingereza aliyeheshimiwa kuliko wote. Pambano hilo halikufanyika kamwe. Katika London alimshinda Löwenthal, na Paris aliwashangaza watu wa mkahawa wa Café de la Régence kwa kucheza michezo minane kwa wakati mmoja bila kuziangalia kete. Mwezi Desemba Adolf Anderssen alikuja kutoka Ujerumani, akashindwa: Morphy alishinda michezo 7, akapoteza 2, na 2 ikawa sare.

Lakini mchezo wa Paris unaokumbukwa zaidi haukuwa wa mashindano. Ulichezwa katika nyumba ya opera, ndani ya chumba cha watazamaji cha Mtawala wa Brunswick, ambaye alishirikiana na Count Isouard dhidi ya Morphy. Inasimuliwa kwamba Morphy alipenda muziki na alitaka kutazama jukwaa, lakini wenyeji wake hawakumwachia nafasi. Basi akaumaliza mchezo kwa hatua 17.

Tufuate hesabu ya hatua. Kufikia hatua ya 7, njia ya Morphy ya kuvusha ngome upande mfupi ilikuwa wazi kabisa. Hakuitumia. Alimpeleka malkia mahali pa kushambulia miraba miwili kwa mpigo, akatoa farasi, akatoa askofu wa pili. Je, hakuogopa kumwacha mfalme katikati? Hakuwa na sababu. Wapinzani wake walikuwa wamemweka malkia wao mbele ya askofu wao, hivyo askofu huyo hakuweza kutoka, na alipokosa kutoka, wao pia hawakuweza kuvusha ngome upande huo. Asiye na kete nje hana wa kumtuma kushambulia.

Katika hatua ya 10 Morphy alitoa farasi sadaka ili kufungua njia. Katika hatua ya 12 akavusha ngome, tena upande mrefu. Kwa zamu hiyo moja mfalme aliondoka katikati, na ngome ikatua kwenye mstari uliokuwa wazi, ikimlenga farasi aliyekuwa kinga ya mfalme mweusi. Hatua mbili baadaye ngome ya pili ikafuata kwenye mstari ule ule. Kisha akamtoa malkia sadaka, na ngome ikamaliza. Mfalme mweusi hakuwa amesogea hata mara moja tangu mwanzo. Askofu na ngome ya upande wake mfupi pia hawakuwa wamesogea.

Msomaji asidhani kwamba Morphy alikuwa na desturi ya kuchelewa. Katika michezo yake mingi alivusha ngome mapema, kama alivyofanya na Paulsen. Aliyeanza juzi naye afanye hivyo, hasa pale askari wa katikati wanapokaribia kubadilishana na mistari kufunguka. Ila kabla ya kuigusa kete ajiulize mambo matatu. Je, mpinzani ana kete za kunishambulia katikati sasa hivi, au nina nafasi ya kutoa kete moja zaidi? Upande ninaoelekea, askari wangu bado wamesimama imara mbele ya mfalme? Na ngome ikivuka, itapata mstari wa kufanyia kazi, au itabaki nyuma ya askari wake ikipiga miayo? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo lililotofautisha hatua ya 5 ya Morphy na hatua ya 5 ya Paulsen.

Morphy alirudi Marekani mwaka 1859 akipokewa kwa shangwe, na muda mfupi baadaye akaacha mashindano. Alitaka sasa kuanza ile kazi aliyosomea. Mwaka 1861 Louisiana, jimbo lililojengwa juu ya utumwa, lilijitenga, na vita vikaanza. Wakati wa vita alikwenda Havana na Paris. Aliporudi alifungua ofisi ya sheria, lakini waliokuja walitaka kuzungumza naye habari za sataranji. Ofisi haikusimama. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke na mashaka ya akili. Aliwaona watu wengi kuwa ni maadui. Alifariki New Orleans tarehe 10 Julai 1884, akiwa na umri wa miaka 47.

Mashindano yake makubwa yalichukua chini ya miaka miwili, na hatua zake nyingi zimehifadhiwa, hata za usiku ule wa opera. Anayetaka kuzifundisha kwa Kiswahili atahitaji jina la hatua ile ya 12. Akiiita kujificha kwa mfalme, mwanafunzi atakwenda kujificha. Akiiita kuvusha ngome, huenda mwanafunzi akauliza ngome inavuka kwenda kufanya nini.