Umar bin Abdul-Aziz: Khalifa Aliyeanza na Nyumba Yake

Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishika Ukhalifa huko Sham mwaka 99 Hijria (717). Alikuwa amelelewa katika neema za Bani Umayya; lakini alipotawala hakuanza na raia, alianza na nafsi yake. Alirejesha mashamba aliyorithi, na mkewe Fatima, binti wa Khalifa, akatoa vito vyake vikatiwa katika Baitulmali. Ndipo akawageukia jamaa zake, akawapokonya mali waliyodhulumu, akawarudishia wenyewe. Akakataza kuwatoza jizya waliosilimu, na kumtukana Sayyidna Ali juu ya mimbari. Alikufa mwaka 101 (720), hata miaka mitatu hakutimiza. Basi ndugu zangu, atakaye kutengeneza mji na atengeneze kwanza nyumba yake.