Alfred Sharpe: Msiri alimkatalia, Waingereza wakamfanya gavana

Hapa kwetu Bel-Air, mtoto anasoma shule kwa Kifaransa. Ukivuka Kasumbalesa, upande wa Zambia, mwenzake anasoma kwa Kiingereza. Kati ya watu ambao safari zao zilihusu mpaka ule, mmoja ni Alfred Sharpe.

Sharpe alizaliwa Uingereza mwaka wa 1853, akasomea sheria. Alikuwa hakimu kidogo huko Fiji, lakini kazi ile haikudumu. Mu 1887 akaja kuwinda tembo upande wa ziwa Nyasa. Harry Johnston, konsuli wa Waingereza, akamkuta huko na kumpa kazi. Wakati ule hakukuwa shule ya kufundisha wakubwa wa makoloni. Mtu alichukuliwa kwa sababu mkubwa fulani anamjua: akijua njia na akivumilia homa, basi.

Mu 1890 Johnston akamtuma Bunkeya kwa mwami Msiri, na karatasi ya mkataba mkononi. Kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa inaitamani shaba ya Katanga. Msiri akakataa, Sharpe akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata wakafika watu wa mfalme Léopold II, wakiongozwa na Stairs. Wakapandisha bendera bila ruhusa ya mwami, na tarehe 20 Desemba 1891 mwami akauawa. Katanga ikawa ya Léopold.

Mwengine angefukuzwa kazi kwa kukosa inchi kubwa vile. Sharpe hapana. Mu 1896 Johnston aliondoka kwa ajili ya ugonjwa, Sharpe akashika nafasi yake. Mu 1904 inchi ilitoka kwa wizara ya mambo ya nje, ikaenda kwa wizara ya makoloni, naye akabaki. Mu 1907 akawa gavana wa kwanza wa Nyasaland, njo Malawi ya leo. Alipumzika mu 1910, miaka 20 tangu Bunkeya. Alifariki mu 1935.

Wakati wake kulikuwa kodi ya nyumba: asiyetumikia mzungu mwezi mmoja alilipa zaidi. Waliomchagua na kumuweka walikuwa London. Wanakijiji waliotoa kodi, hakuna aliyewauliza kama wanamtaka.

Msiri, yeye, Sharpe alimuuliza. Akajibu hapana, na kwa Waingereza jibu lile likabaki.