Mwenda wa Bayeke: gitaa lilimpa jina, lakini hakulitegemea peke yake

LIKASI – Kakontwe, mtaa unaojulikana kwa mawe yake ya chokaa, wakaaji wanajua maana ya kupoteza kazi. Kongo haina posho ya serikali kwa mtu asiye na kazi. Aliye na akiba anaila; asiye nayo anategemea ndugu na likelemba.

Hali hiyo si ya leo. Maisha ya mwanamuziki Jean-Bosco Mwenda, aitwaye Mwenda wa Bayeke, yanaionyesha vizuri.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Mwami M'siri. Familia yake ilihamia Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wakati huo Union Minière ilimpa mfanyakazi wake nyumba, chakula na matibabu. Lakini vyote hivyo vilifuata kazi. Kazi ikiisha, navyo vinaisha.

Kijana Mwenda alisoma, akapata kazi ya ukarani. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, akarekodi nyimbo zake, ukiwemo Masanga. Santuri zake zilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akapiga gitaa redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Sifa hizo hazikumfanya aache kutafuta riziki kwingine. Alifanya kazi za ofisini, akaongoza bendi yake, na akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine ulibaki wazi.

Kwa nchi yake, huo haukuwa woga. Sheria ya mwaka 1961 iliyoanzisha INSS iliweka pensheni, malipo ya ajali za kazi na posho za familia. Mtu aliyefukuzwa kazi hakuwekewa kitu. Hata pesa zilizofichwa nyumbani hazikuwa salama: Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti zilizokuwa mikononi mwa watu na kuweka kikomo cha kiasi cha kubadilisha. Wengi walipoteza akiba ya miaka.

Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia, Septemba 1990.

Miaka 13 baadaye, mwaka 2003, Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa malipo ya mwisho mara moja. Likasi ilikuwa kati ya miji iliyoguswa. Kwa familia nyingi pesa hizo ziliisha upesi, kwa kodi ya nyumba, karo na dawa, na hapakuwa na mshahara wa kuzirudisha. Afadhali ilikuwa kwa nyumba ambamo mtu mwingine tayari alikuwa na shamba, meza sokoni au cherehani.