Kamante: Mchungaji wa mbuzi aliyempikia mwana wa mfalme

ENZI ya ukoloni, majumba ya walowezi kuanzia Njoro, Nakuru na Naivasha hadi chini ya milima ya Ngong yalikuwa na meza za vyakula vya Kizungu. Waliopika vyakula hivyo walikuwa Waafrika, ila ni majina machache mno ya wapishi hao yaliyohifadhiwa.

Miongoni mwa hayo machache ni la Kamante Gatura, aliyefariki mwaka wa 1985.

Kamante alizaliwa katika familia maskini ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kama maskwota katika shamba la kahawa la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyewasili nchini mwaka wa 1914. Akiwa mtoto alichunga mbuzi, huku miguu yake yote miwili ikiwa imejaa vidonda.

Blixen alijaribu kumtibu nyumbani bila mafanikio, akampeleka katika hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Kamante alikaa huko miezi mitatu. Alirejea siku ya Pasaka akiwa Mkristo, miguu ikiwa imezungushiwa bendeji kuukuu. Alipozifungua taratibu mbele ya mwajiri wake, ngozi ilikuwa imepona kabisa.

Kazi yake ya kwanza nyumbani humo ilikuwa kutunza mbwa, kisha kusaidia kuwatibu wagonjwa. Mpishi mzee Esa alipofariki, Kamante ndiye aliyekabidhiwa jikoni.

Blixen alikuwa amejifunza upishi kwa mpishi Mfaransa wa mkahawa mmoja mashuhuri wakati wa ziara yake Ulaya. Maarifa hayo alimrithisha kijana huyo, na kumpeleka pia katika klabu ya Muthaiga na kwa wapishi wa rafiki zake jijini Nairobi ili aone zaidi.

Kamante hakujua kusoma, hivyo mapishi yote aliyaweka kichwani. Sosi aliipa jina la tukio la siku aliyofunzwa: moja ikawa ya radi iliyopiga mti, nyingine ya farasi wa kijivu aliyekufa. Mashine ya kupigia mayai aliiacha ishike kutu, akatumia kisu cha kupalilia kuupiga ute hadi ukaumuka.

Jambo lililomshinda, au alilolikataa, ni mpangilio wa vyakula mezani. Kabla ya wageni kuwasili, Blixen alilazimika kumchorea picha: kwanza sahani ya supu, kisha samaki, kisha ndege.

La ajabu ni kwamba vyakula hivyo havikumvutia Kamante mwenyewe. Alivionja kwa mashaka, na alipotaka kumkirimu mwajiri wake, alimletea kiazi kitamu cha kuchoma.

Kilele cha kazi yake kilifika Novemba 1928, Mwanamfalme Edward wa Uingereza, aliyekuja kuwa mfalme mwaka wa 1936, alipokula chajio katika nyumba hiyo. Mgeni huyo aliisifu sosi ya Cumberland iliyoandaliwa pamoja na nyama ya nguruwe. Hata hivyo, sifa alipewa mwenye nyumba. Miezi kadhaa baadaye, Kamante bado alikuwa akiulizia iwapo mwana wa mfalme aliipenda kweli.

Mwaka wa 1931 shamba lilikuwa limefilisika na kuuzwa, na Blixen akarejea Denmark. Kamante alimwandikia barua kupitia waandishi wa kulipwa. Ustadi uliomfurahisha mwana wa mfalme haukumpatia kazi nyingine ya kudumu.

Mwaka wa 1937 Blixen alimwandika Kamante katika kitabu chake kuhusu maisha ya Ngong, na dunia ikamjua. Mwaka wa 1950 alichapisha hadithi ya Babette, mpishi wa mkahawa wa Kifaransa anayewaandalia karamu wanakijiji wasioelewa wanachokula. Huko Ngong ilikuwa kinyume: walaji walielewa, mpishi ndiye aliyeshangaa.

Sauti ya Kamante mwenyewe ilisubiri hadi mwaka wa 1975, simulizi na michoro yake ilipochapishwa katika kitabu cha mpiga picha Mmarekani, Peter Beard. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu kitabu cha mwajiri wake.

Alifariki mwaka ule ule ambao filamu kuhusu maisha ya Blixen ilitolewa. Nyumba aliyoipikia iligeuzwa makavazi mwaka uliofuata, jikoni yake ikiwa miongoni mwa sehemu wanazotembezwa wageni.