KONSTANTIN STANISLAVSKI NA UFUNDI WA KUTAZAMA

Mtoto wa shule ya msingi akipewa nafasi ya mzee katika mchezo wa kuigiza, mara nyingi huinama, hushika kiuno na kukohoa. Hivyo wazee wote wa jukwaani huwa mzee mmoja tu. Kasoro hii si ya watoto peke yao. Ilimsumbua pia Konstantin Stanislavski, na namna alivyopambana nayo yafaa kujulikana na kila mwalimu wa sanaa za maonyesho.

Stanislavski alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1863, katika ukoo wa Alekseyev, matajiri wenye viwanda. Stanislavski ni jina alilojichagulia la jukwaani. Mwaka 1877 alianza kuigiza katika ukumbi wa nyumbani kwao, akaweka daftari la kuandikia makosa yake. Hata hivyo, ujanani aliwaiga waigizaji mashuhuri. Alitazama jukwaa, hakutazama watu.

Mwaka 1898 yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha Jumba la Sanaa la Moscow. Mwaka 1902 walitayarisha mchezo wa Maxim Gorky uhusuo mafukara waishio katika nyumba ya kulala wageni. Stanislavski na wenzake walikwenda Soko la Khitrov, mtaa wa watu wasio na makazi, wakaketi nao na kuzungumza nao. Miongoni mwao walikuwamo waliopata riziki kwa kunakili maandishi ya michezo ya kuigiza. Matambara waliweza kuyaona kwa mbali. Fikra za wenye kuyavaa hawakuzipata ila kwa kukaa nao.

Lakini kutazama mara moja hakutoshi. Mwaka 1906, akipumzika Finland, Stanislavski alitambua kwa uchungu kwamba uigizaji wake umekufa. Alimkumbuka Daktari Stockmann, mhusika wa Henrik Ibsen aliyemwigiza tangu mwaka 1900. Mwanzoni ishara za mikono na mwendo wa miguu zilitokana na fikra za mhusika. Baadaye zilibaki ishara tupu. Tena aligundua kwamba baadhi ya ishara hizo alikuwa amezichukua, bila kujua, kwa watu aliopata kukutana nao. Tangu hapo alitafuta mbinu ya kuunganisha tendo la nje na sababu yake ya ndani. Mwaka 1928 alishikwa na ugonjwa wa moyo akiwa jukwaani, akaacha kuigiza. Lakini aliendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1938.

Mwalimu mwanafunzi aweza kuitumia njia hii bila gharama yoyote. Kabla ya zoezi, kila mtoto amtazame mtu mmoja akiwa kazini, kama vile muuza ndizi au fundi cherehani, kisha ajibu maswali matatu: Anafanya nini? Kwa nini anafanya hivyo? Anataka kupata nini? Darasani aonyeshe tendo hilo bila maneno, na wenzake waeleze sababu yake. Mwalimu asiruhusu kilema au kigugumizi cha mtu kufanywa kichekesho. Mtoto aigaye kuchechemea bila kujua maumivu yake hujifunza dhihaka. Ajiulizaye sababu ya mwendo ule hujifunza utu.