Jaramogi: Mlezi wa chapa ya Ramogi

KWA Wakenya wengi, marehemu Jaramogi Oginga Odinga ni Makamu wa kwanza wa Rais na baba wa upinzani. Ni wachache wanaomkumbuka kwa kazi iliyotangulia siasa, ile ya kulilea jina moja na kulipiga chapa hadi likajulikana kote katika mwambao wa Ziwa Victoria. Kiswahili kina bahati ya neno hilo, chapa, ambalo hubeba alama ya biashara na pia kazi ya mtambo wa kuchapisha. Kwa Odinga, mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Alizaliwa mnamo 1911 hivi katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Bondo. Alisomea Maseno, Alliance na Makerere, kisha akarejea Maseno kufundisha. Kanisa lilikuwa limembatiza Obadiah Adonijah, majina ambayo baadaye aliyatupilia mbali. Alipotaka wanawe nao wabatizwe kwa majina ya Kijaluo pekee, alizozana na viongozi wa kanisa. Mtu anayethubutu kukabiliana na kanisa kwa ajili ya jina la mtoto mchanga hawezi kulichukulia jina la kampuni kuwa pambo tu.

Mnamo 1947 ilisajiliwa Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni aliyoiasisi pamoja na wenzake baada ya yeye kuacha ualimu. Mtaji wake ulikuwa akiba za watu wa kawaida, walionunua hisa kidogo kidogo. Wakati huo biashara kubwa mjini Kisumu ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na serikali ya kikoloni haikuamini kwamba Mwafrika angeweza kuendesha kampuni. Iwapo ingeanguka, wenye hisa wangepoteza zaidi ya fedha. Dharau ile ingepata ushahidi.

Tawi lililokuwa na uzito wa pekee ni kiwanda cha uchapishaji, Ramogi Press. Jina hilo halikuokotwa njiani. Ramogi ndiye babu ambaye Wajaluo humtaja kuwa aliwaongoza hadi nchi hii, na mlima wa Got Ramogi ungali ukiitwa kwa jina lake. Achieng' Oneko, mwanahabari aliyeshirikiana na Odinga, alihariri gazeti la Nyanza Times. Katika viwanda vya zama zile, herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kijaluo kilijitosheleza kwa herufi zile zile za Kilatini, madhali fundi alikuwa na ritifaa ya kutosha kwa ajili ya ng'. (Jina la mhariri mwenyewe lilihitaji moja.) Mnamo Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, Oneko akakamatwa na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta.

Katika miaka ya 1950 Odinga aliteuliwa Ker, kiongozi mkuu wa Luo Union, na jina Jaramogi, yaani mtu wa Ramogi, likamganda. Kofia ya shanga na usinga vilikamilisha sura ambayo hata asiyejua kusoma aliitambua kwa mbali.

Hapo ndipo alipoonja uchungu wa mbunifu anayeiona alama yake mikononi mwa mwingine. Aliitumikia KANU kwa bidii, na jogoo wa chama hicho akawa alama ya uhuru. Mnamo 1966 mkutano wa Limuru ulifutilia mbali cheo chake chamani. Alijiuzulu, akaongoza KPU, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo fahali wake akapambana na jogoo yule yule aliyekuwa amemnadi miaka michache tu iliyopita. Kwa wapigakura wengi wasiojua kusoma, picha ndiyo iliyokuwa chama. Nyanza iliendelea kuwa ngome yake, lakini kwingineko jogoo alitamba.

Oktoba 25, 1969, Rais Kenyatta alizuru Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Wawili hao walirushiana maneno makali hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ilitaja vifo 11; wenyeji hushikilia kwamba waliokufa ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga kuwekwa kizuizini, asiachiliwe hadi 1971.

Mnamo 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Chama hicho kiligawanyika kabla ya uchaguzi wa 1992, makundi mawili yakang'ang'ania jina moja: FORD-Kenya yake na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Odinga alimaliza wa nne, na mnamo Januari 20, 1994 akafariki mjini Kisumu.

Leo Ramogi ni jina la kituo cha redio cha lugha ya Kijaluo, nalo jina la Jaramogi limo katika chuo kikuu kule Bondo na barabara kuu ya Kisumu. Limo pia juu ya lango la hospitali ile ile ya 1969, ambayo sasa ni ya mafunzo na rufaa. Wakazi wa Kisumu, hata hivyo, bado huiita Russia.