Mwalimu Nyerere: Chaki aliiacha Pugu, ndoto akaipanda Kibaha

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hufika Kibaha baada ya kilomita 40 hivi, akaona maduka, vituo vya mabasi na msururu wa malori ya Zambia na Kongo. Upande wa kusini, kwa njia ya Pugu, huinuka vilima vyenye msitu vinavyopakana na Kisarawe. Ni nchi ya Wazaramo na Wakwere, wakulima wa mihogo, minazi na mikorosho. Wengi hupita bila kujua kwamba maeneo hayo mawili yamebeba sehemu kubwa ya maisha ya Hayati Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 huko Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya Nyang'ombe. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, alikohitimu shahada mwaka 1952. Aliporejea aliajiriwa katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, iliyokuwa ya wamisionari wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Waafrika Tanganyika, TAA.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza kuwa mzito. Siku za kazi alikuwa darasani Pugu. Siku za mapumziko alishuka mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20, kukutana na wazee na vijana wa Kariakoo. Wazee wa Dar es Salaam, wengi wao Waislamu, walimpokea kijana huyo Mkristo kutoka bara wakamfanya mwenzao. Julai 7, 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, naye akawa kiongozi wake wa kwanza.

Machi 1955 alikwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na inastahili kujitawala. Aliporudi alitakiwa achague moja kati ya ualimu na siasa. Uchaguzi huo haukuwa mwepesi, kwani alikuwa na familia changa na chama hakikuwa na fedha. Ualimu ulikuwa mshahara na nyumba. Siasa ilikuwa safari ya gizani. Mwezi huo huo akajiuzulu, akarejea kwao Musoma kwa miezi kadhaa, kisha akarudi Dar es Salaam na kuizunguka nchi nzima. Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Akiwa madarakani, aliwataja maadui watatu wa taifa kuwa ni ujinga, umaskini na maradhi. Kibaha ikawa mahali pa kuwapiga wote watatu kwa pamoja. Kwa msaada wa nchi za Nordiki, mwaka 1963 ulianzishwa mradi uliounganisha shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililohimiza kujitegemea, mradi ulikabidhiwa kwa Watanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Miongoni mwa waliosoma katika sekondari hiyo ni Jakaya Kikwete, Rais wa Awamu ya Nne. Kituo cha afya nacho kilikua kuwa Hospitali ya Tumbi, kimbilio la majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo kuu.

Si kila alichokipanda kilichipua. Sera ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa iliwaondoa wengi kwenye mashamba yao ya asili, na uchumi ukayumba. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.

Februari 2022, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha, ikiwa mali ya vyama sita vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika, CCM kikiwa kimojawapo. Hivyo mtu aliyeiacha chaki Pugu amerudi darasani kwa jina lake, kando ya barabara ile ile ambako magari yanapita usiku na mchana.